Kyule, Mama Mkwe na Vikapu Tisa

Mume wangu Kyule haogopi kitu. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani niliolewa na mwoga. Amechonga mawe katika machimbo ya Kitengela tangu mwaka wa tisini na moja, nyundo mkono huu, tindo mkono ule, na mabega yake hayapiti mlango wa choo bila yeye kugeuka upande. Aliwahi kumuua nyoka aina ya swila kwa kumwangushia jiwe la kujengea, kisha akalichonga jiwe lenyewe na kulipakia kwenye lori pamoja na mengine. Sauti yake ukiisikia kwetu Noonkopir, mwenyewe bado yuko ng'ambo ya barabara ya Namanga.

Mtu mmoja tu chini ya jua humtoa jasho, naye ni mama yangu mzazi, Munyiva.

Kwetu Ukambani wazee walishika sana kitu kinachoitwa nthoni. Ni heshima, ila ina aibu ndani yake, na iko kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani kila mmoja anaingia kichakani upande wake mpaka mwenzake apite. Na huyo mama haingii katika nyumba ya mkwewe wala hali chakula ndani yake, mpaka mkwe ampe mbuzi na blanketi kwa mkono wake mwenyewe, naye apokee. Siku hizi wengi wameacha mambo hayo, na utamkuta mama mkwe ameshika rimoti ya televisheni, mkwe anaomba ruhusa ya kutazama habari. Lakini mama yangu ni wa zamani, na Kyule alilelewa na nyanya yake, kwa hivyo mimi nikaangukia katikati ya watu wawili wanaoshika sheria kuliko hakimu.

Msidhani Kyule hakujaribu. Mwaka wa tisini na tatu alisafiri mpaka kwetu Mwala na mbuzi mzuri na blanketi jipya jekundu. Mpango ulikuwa aketi uani na wajomba zangu, mama aitwe, mambo yaende kwa utaratibu. Kumbe mama alikuwa jikoni na hakuambiwa mgeni amefika. Akatoka na ungo wake wa kupepetea mahindi, na hapo mlangoni wakagongana pua kwa pua. Mume wangu, huyu mwuaji wa swila, alijifunika blanketi kichwani na kutimua mbio shambani. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kifundo cha mkono wake, naye akatimua. Majirani wakaona mtu aliyejifunika blanketi anakimbia na mbuzi, wakapiga mayowe ya mwizi, na kumfukuza mpaka kituo cha magari. Alirudi Kitengela na nusu ya blanketi. Mbuzi tulimla Krismasi.

Tangu siku hiyo akawa anasema atarudi mwakani. Mwakani ukawa miaka kumi.

Ningevumilia kama mama angebaki Mwala. Lakini mwaka wa elfu mbili na tatu alikuja kukaa na ndugu yangu mdogo Kiema, hapo hapo Noonkopir, ploti tatu kutoka kwangu. Kila siku saa kumi anakuja kunisalimia, na kila siku anaishia getini. Nilimpelekea kigoda na kikombe nje kama mtu anayelisha askari. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli na kuendelea kunywa chai, na matone yakidondokea kikombeni husema chai imekuwa nyingi. Nilikuwa nikiingia ndani nalia kwa hasira. Sikutaka mambo makubwa maishani, nilitaka tu mama yangu aketi kwenye kiti changu na kula chakula changu akiwa amekauka. Ungedhani naomba kupelekwa mwezini.

Sasa, nyuma ya ua wetu kulikuwa na kipande cha ardhi cha Mzee Katoo, Mmasai mpole ambaye mbuzi zake zinajua njia za Noonkopir kuliko mimi. Mwalimu mmoja wa ufundi, Wamalwa, alikuwa amekaa ng'ambo miaka miwili na kurudi na mkoba uliojaa visahani vya plastiki. Alimwomba Mzee Katoo ile ardhi, akachora uwanja. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Unasimama juu ya jiwe bapa, unarusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma kilichosimama kwenye mlingoti, juu yake kumening'inizwa minyororo ya kunasa kisahani. Kikianguka njiani unakifuata, unarusha tena kutoka pale pale. Atakayerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Vikapu vilikuwa tisa na vyote karibu karibu. Mwalimu alisema ni uwanja wa wanaojifunza, hata mtu na nyanya yake wanaweza kuuzunguka kwa saa moja na kurudi wakielewana.

Vikapu vilichomelewa na fundi wa hapo stendi, minyororo ikiwa ya baiskeli. Wiki ya kwanza mama mmoja alianika vyombo katika kikapu cha pili. Cha tano kilipotea siku mbili, na kilipopatikana kilikuwa nyuma ya hoteli, kina moshi, na harufu ya mbavu. Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba huo ni mchezo wa kimataifa. Watu walimsikiliza vizuri sana, halafu wakauliza kama vikapu vingine vitabaki.

Kyule ndiye aliyechonga yale mawe bapa ya kurushia, kwa hivyo mwalimu alimpa heshima ya kufungua uwanja. Alipewa kisahani chekundu. Akavuta mkono mpaka nyuma ya mgongo na kukitupa jinsi anavyoitupa nyundo. Kisahani kilipita juu ya kikapu cha kwanza, juu ya kikapu cha pili, juu ya mbuzi wote wa Mzee Katoo, kikafika barabarani na kutua juu ya turubai la lori lililokuwa likienda Arusha. Tulisimama tukalitazama lile lori mpaka likapotea.

"Mzee," mwalimu Wamalwa akasema polepole, "hiyo sasa imeenda Tanzania bila pasipoti."

Tangu hapo Kyule alishikwa na mchezo ule kama homa. Akitoka machimboni, kabla ya kuoga, akiwa mweupe vumbi mpaka kope, yuko uwanjani. Hakuwa na shabaha hata kidogo lakini alikuwa na nguvu. Mimi nilishukuru, maana uwanja uko nyuma ya nyumba na kikapu cha tisa kiko hatua chache tu kutoka kwenye ua wetu, kwa hivyo nikimtaka nachungulia dirishani.

Halafu mama akauona uwanja. Alikuwa anapita tu, siku ya Jumamosi, na kisahani cha Kiema kikaanguka miguuni pake. Akakiokota, akakigeuza, akakipima uzito. Miaka hamsini amepepeta mahindi na kunde, na kifundo cha mkono wake ukikitazama unaona kinafanya kazi chenyewe, yeye anaongea habari nyingine. Akakizungusha kidogo tu. Kisahani kikaenda taratibu, kikanyooka, kikalia chwa! ndani ya minyororo ya kikapu cha tatu.

"Aki buda, umeona hiyo?" Kiema akapiga kelele akimshika mwalimu. "Mamangu ni noma!"

"Kwani ni hiyo tu?" mama akauliza. "Nilifikiri kuna kazi."

Ndani ya miezi miwili hakuna aliyeweza kumshinda. Hata Siyad hakuweza, na Siyad ni mfanyabiashara wa mbuzi mwenye jicho la mwewe, anayemkadiria mnyama kilo zake akiwa upande wa pili wa soko. Basi nikawa na mume mmoja na mama mmoja, wote wagonjwa wa mchezo mmoja, katika uwanja mdogo ambao ukipiga chafya kwenye kikapu cha kwanza mtu wa kikapu cha tisa anakuombea afya. Wasingeweza kukutana pale. Ilibidi mimi nitafute njia. Nikawa natundika leso nyekundu kwenye ua: ikionekana, mama yuko uwanjani, Kyule asikanyage.

Mfumo huo ulifanya kazi vizuri mpaka upepo wa Agosti ulipoibeba leso. Kyule akaingia uwanjani akipiga mluzi, na kwenye kikapu cha sita akamwona mama anakuja. Kichaka hakikuwepo. Kulikuwa na mgunga mmoja, wenye miiba ya urefu wa kidole, na mume wangu akaupanda. Alikaa huko juu saa nzima. Mama alisimama chini ya mti ule ule akarusha kisahani, akaenda kukichukua, akarudi, akarusha tena, mara ishirini nilihesabu kutoka dirishani. Najua alijua. Jioni nilimchomoa Kyule miiba kumi na saba kutoka mahali nisipopataja.

"Mama yako amekuwa mzuri," akasema akiwa amelala kifudifudi. "Ile mkono yake, unaona vile inaenda chini chini?"

"Si ungemwuliza?"

"Wewe Kalunde wewe! Hebu toa mwiba."

Mapema mwaka wa elfu mbili na tano mama aliniletea habari pale getini, akiwa na kikombe mkononi. Kaka yetu mkubwa wa Kibwezi alikuwa amemwita akaishi huko moja kwa moja. Angeondoka Jumanne baada ya Pasaka. Kibwezi si karibu, na mama hapendi safari. Nilijua akienda sitamwona tena ila kwenye harusi na matanga. Nikahesabu wiki zilizobaki, zilikuwa tano, na mama yangu hajawahi kuona rangi ya kuta zangu.

"Mwaitu, mama yangu, ingia leo tu," nikamwambia. "Yeye ako kazi, hatajua."

"Na mimi sitajua?" akasema. Akanirudishia kikombe na kuondoka.

Mwalimu Wamalwa alikuwa ametangaza mashindano ya Jumatatu ya Pasaka, wachezaji wawili wawili. Kila wawili wana kisahani kimoja na wanakirusha kwa zamu: huyu akirusha, mwenzake anarusha kutoka kilipoangukia. Zawadi ni mbuzi mmoja wa Mzee Katoo. Majina yaliwekwa kwenye sufuria, yakatolewa mawili mawili mbele ya watu. Siyad akatoka na ndugu yangu Kiema. Halafu mwalimu akatia mkono, akatoa karatasi ya Kyule. Akatia tena, akatoa nyingine, akaifungua. Uwanja mzima uliona uso wake na kujua.

"Kura ni kura," akasema mwishowe. "Munyiva."

Kyule alirudi nyumbani kabla sijafika na nikamkuta kitandani na viatu.

"Mimi sichezi. Niko na mgongo."

"Mgongo gani? Asubuhi umebeba mawe."

"Basi niko na jino."

Nikamwacha kwanza, nikaenda kwa mama. Naye alikuwa amekwisha kuamua. Yeye ni mzee, hataki aibu, mwalimu atafute mwingine. Halafu akaniuliza:

"Hiyo mbuzi ni dume ama jike?"

"Jike. Na iko na mimba."

Mama akakuna kidevu. "Mwambie huyo mwenye nyumba yako asiniangalie. Na asiniongeleshe. Na arushe kama mtu, si kama gari ya mawe."

Niliporudi, Kyule alikuwa ameketi kitandani, amevua kiatu kimoja, na macho yake yana mwanga wa mtu aliyepata wazo. Nilishaanza kuogopa.

"Kalunde, tukishinda, mbuzi si itakuwa mkononi yangu? Na mama yako si atakuwa hapo hapo? Nampatia palepale, mbele ya watu, siwezi kimbia. Yeye anakuja nyumba, anakula, Jumanne anaenda na moyo safi."

"Lakini nusu ya mbuzi tayari itakuwa ni yake. Mmecheza wawili."

Akafikiria hilo. "Basi nampatia hiyo nusu ingine."

Sikumcheka. Nilimkumbatia hivyo hivyo na kiatu kimoja, maana ndipo nilipofahamu kwamba hata yeye jambo hilo lilikuwa linamuuma.

Jumatatu ya Pasaka Noonkopir yote ilikuwa uwanjani. Wengine walikuja kuona mchezo. Wengi walikuja kuona Kyule na mama mkwe wake. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama katikati yao nimetandaza leso kwa mikono miwili, kama pazia la kliniki, na kutembea nayo kutoka kikapu hadi kikapu. Mama akitaka kurusha, Kyule anageukia milima ya Ngong. Kyule akitaka kurusha, mama ameshatangulia mbele kusubiri kisahani, na Kyule hawezi kutazama mbele kwa sababu mbele kuna mama. Kwa hivyo mume wangu alirusha akiwa ameangalia pembeni, uwanja mzima, mimi nikimwelekeza.

"Kulia kidogo. Kulia! Hiyo ni kushoto, Kyule!"

Maongezi yalipitia kwangu, ijapokuwa walikuwa hatua mbili tu, leso katikati.

"Mwambie huyo mwenye nyumba yako ashushe bega."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie kama amesikia mbona bega bado iko juu?"

"Mwambie mama hiyo ndio bega Mungu alinipatia."

Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Mimi mikono ilikuwa inaniwaka moto, na kwenye kikapu cha nne niliwaambia wote wawili maneno ambayo sitayaandika. Lakini ajabu ni kwamba walikuwa wanakwenda vizuri. Kyule, kwa kuwa haoni, alishindwa kutumia nguvu zote, na kisahani kilianza kuanguka mahali pa akili. Mama alikimalizia. Kufika kikapu cha saba tulikuwa tunaongoza kwa mrusho mmoja.

Hapo kisahani cha Siyad kikanasa kwenye pembe za beberu wa Mzee Katoo aliyekuwa akijilia nyasi zake. Watu wakashangilia, wakidhani mambo ya Siyad yameharibika. Siyad akatabasamu, akatangulia mpaka chini ya kikapu, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Beberu akaja mbio akiwa na kisahani kichwani. Alipofika alitikisa kichwa mara moja, na kisahani kikadondoka kando ya mlingoti.

"Hiyo si halali!" nikapiga kelele. Leso ikaanguka, Kyule akafumba macho haraka.

Mwalimu Wamalwa alifungua kitabu chake cha sheria, akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. "Kinachezewa pale kilipotulia," akasema kwa unyonge. "Habari ya mbuzi haiko."

Tulifika kikapu cha tisa tukiwa sawa. Siyad na Kiema walitangulia, wakamaliza kwa mirusho mitatu. Sisi tulihitaji miwili. Mama akatangulia kwenda kusimama karibu na kikapu, upande wa kivuli, hapo penye ua wetu, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri na kusubiri. Kyule akapanda juu ya jiwe. Nilimwona anakunja mkono wa shati na nikajua ameshasahau mambo ya bega. Alikuwa anamwona yule mbuzi, ananiona mimi nikimmiminia mama chai ndani ya nyumba, anaiona Jumanne. Akageuza uso kuelekea Ngong, kwa heshima zote, akavuta mkono nyuma.

Mimi nilipaswa kumwelekeza. Mzee Katoo alikuwa amesimama karibu nami, na wakati huo huo akanisalimia, "Takwenya," kama anavyowasalimia wanawake, na mimi nikageuka kumwitikia, maana mzee akikusalimia unaitikia. Niliporudisha macho kisahani kilikuwa kimeshaondoka.

Kilikwenda chini, kasi, moja kwa moja. Kikampiga mama kwenye kitambaa cha kichwa, pa! Kikaruka juu, kikapinduka hewani na kuanguka ndani ya kikapu. Minyororo ikalia.

Hakuna aliyeshangilia. Mama alisimama kidogo. Halafu akaketi chini, polepole, akavuta leso yake ikafunika miguu vizuri, akaondoa kijiwe kilichokuwa nyuma yake, ndipo akalala chali na kufumba macho.

Nimeona watu wakizimia, kanisani na kwenye foleni ya kliniki. Sijawahi kumwona anayepanga mahali kwanza.

Kiema ndiye aliyefika mbele. Akainama kumwinua, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikamsikia mama akinong'ona bila kufungua macho, "Wewe toka hapa." Kiema akarudi nyuma kama aliyeungua. "Ako sawa," akawaambia watu akikuna kichwa. "I mean, hako sawa. Ni mzito. Mimi siwezi."

Kyule alikuwa amegeuka. Alimwona mama chini, akamwona Kiema amekunja mikono, na kelele iliyomtoka ilisikika mpaka machimboni. Sikumwona akikimbia, nilimwona amefika. Nthoni, nyanya yake na sheria zake, aibu ya Mwala, vyote aliviruka. Alimzoa mama yangu kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala, akapiga teke geti letu, akapiga teke mlango wetu ambao haukuwa hata umefungwa, akaingia ndani na kumlaza kwenye kochi.

Tukajaa mlangoni wote: mimi, Kiema, mwalimu na kitabu chake, Siyad, Mzee Katoo. Kyule akageuka atoke, hakuna njia. Dirisha lina vyuma. Akabaki katikati ya chumba, mikono inaning'inia, anapumua kwa mdomo.

Mama akafungua macho. Akaitazama kwanza nyumba yenyewe, dari, kuta, kabati la vyombo. Akapapasa kitambaa cha kochi chini ya mkono wake. Vitambaa vile alinifumia yeye mwaka nilioolewa, vyote sita, na hakuwahi kuviona vimetandikwa.

"Hii umeweka upande ya nyuma," akaniambia. Mimi nilishaanza kulia.

Kisha akamgeukia mume wangu, akamtazama usoni, wazi wazi, kwa mara ya kwanza tangu mlango wa Mwala. "Kyule."

"Naam, mama."

"Wewe unarusha kitu bila kuangalia?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Heshima yako imenipiga kwa kichwa."

Kyule akapiga magoti sakafuni. Alitaka kusema pole, lakini kilichotoka ni kilio, kilio kikubwa cha mtu mkubwa, akisema alitaka mbuzi, alitaka tu kumpa mbuzi, na sasa ameua. Mama akamwambia hajaua mtu, aache kuwatisha majirani. Na mwalimu Wamalwa, aliyekuwa bado anapekua kurasa, akakohoa pale mlangoni.

"Samahani kidogo," akasema. "Kisahani kiliingia. Mrusho mmoja. Kichwa cha mama, nacho, hakiko kwenye kitabu."

Siyad akaangua kicheko, akamshika Kyule begani na kumwambia hajawahi kushindwa vizuri hivyo. Mzee Katoo akatoka, akarudi akimvuta yule mbuzi, akampitisha katikati yetu mpaka kwenye zulia langu na kumkabidhi Kyule kamba. Mume wangu aliitazama kamba. Nikaingia chumbani mbio, nikavuta blanketi kitandani, nikamtupia. Hakujifunika. Akasogea kwa magoti na kamba mkono huu na blanketi mkono ule, akavinyoosha mbele.

"Mama, hii nusu yangu."

Mama akapokea. Akamtandika mgongoni kwa kiganja, si kwa nguvu, akasema vizuri. Mbuzi alikula kitambaa kimoja cha kochi, kile nilichoweka nyuma mbele, akanisaidia kisionekane tena.

Jumanne gari la Kibwezi liliondoka bila mama. Alisema kichwa bado kinamgonga kidogo, abaki kwanza kwetu, ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo mbuzi alikaribia kuzaa, na mbuzi haachwi. Miezi miwili baadaye nikaona Kyule ananifuata jikoni, ananyata, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kalunde. Muulize mama yako ataenda lini. Si kwa ubaya. Analala kwa upande yangu ya kochi."

"Muulize mwenyewe. Si mnaongea sasa?"

Akasimama, akavuta pumzi, akaenda. Nilikuwa nimeinjika maharagwe, na nikazima redio nisikie vizuri. Nilimsikia akikohoa. Kochi likalia alipoketi.

"Mama," akasema. "Mama, nilikuwa nataka kuuliza. Ile kikapu ya nne, wewe husimama mguu gani mbele?"

"Ya nne? Leta mkono hapa. Hapana, si hiyo. Na shusha bega."

"Mama, hii ndio bega—"

"Shusha!"

Kitu kikaanguka, nadhani ni meza ndogo. Halafu mama yangu akaanza kucheka, ndani ya nyumba yangu, kicheko kile cha kutokea tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipokuwa msichana, na Kyule akacheka naye mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Maharagwe yakaanza kuungua. Niliyanusa vizuri kabisa, na niliyaacha yaungue.